Mashine iliyodhaniwa imejaa: kisa cha kiwanda cha mafuta kilichotaka elektrolaiza ya pili

Kuhusu kisa hiki

Kiwanda kinachosimuliwa ni cha mafuta ya kula, kipo Afrika Mashariki. Jina, mji, mwaka na watu vimeondolewa. Takwimu zimezungushwa na kurekebishwa kwa kipimo kimoja ili kiwanda kisitambulike, lakini uwiano kati ya namba na namba umebaki ule ule. Anayesoma anaweza kurudia kila hesabu kwa kalamu na karatasi, na ningependa afanye hivyo.

Usuli

Kiwanda hutengeneza mafuta mgando ya kupikia, majarini, na mafuta magumu yanayonunuliwa na waoka mikate. Mafuta ya maji hutiwa kwenye riakta, hupashwa moto, huchanganywa na unga wa nikeli kama kichocheo, kisha huingiziwa haidrojeni kwa presha. Haidrojeni inashikana na mafuta, nayo yanakuwa magumu. Kipimo cha ugumu huo maabara ni namba ya iodini: kadiri haidrojeni inavyoingia, namba inashuka.

Haidrojeni yenyewe inatengenezwa hapo hapo kiwandani. Kuna elektrolaiza moja ya alkali, yaani mashine inayopasua maji kwa umeme ndani ya seli nyingi zilizopangwa mfululizo. Kibao chake kinasema Nm³ 200 kwa saa. Nm³ ni mita ya ujazo ya gesi ikiwa kavu, kwenye nyuzi 0 na presha ya kawaida ya hewa. Kilo moja ya haidrojeni ni kama Nm³ 11.1. Gesi inapita kwenye kikaushio, inaingia kwenye tangi ambalo kwa matumizi halisi linahifadhi Nm³ 150, na kutoka hapo inakwenda kwenye riakta mbili. Kila riakta inachukua tani 10 kwa bechi.

Msimamizi wa uzalishaji aliomba elektrolaiza ya pili ya ukubwa ule ule. Sababu zake zilikuwa mbili, na zote zilionekana za haki. Kwanza, riakta zilikuwa zinasubiri gesi, hasa asubuhi baada ya zamu kubadilishana. Pili, taarifa ya kila mwezi ilionyesha mashine iliyopo inatumika kwa asilimia 92. Mashine iliyofika asilimia 92, na bado wateja wake wanalalamika, nani angekataa kuwa imezidiwa? Bodi ilikuwa tayari kukubali. Mkurugenzi wa fedha ndiye aliyeomba ombi lisimame kwanza mpaka hiyo 92 ihakikiwe, na sisi tukaitwa kuihakiki.

Asilimia 92 ilitoka wapi

Ilitoka kwenye mita ya saa. Katika mwezi wa siku 30 kuna saa 720. Mita ilionyesha elektrolaiza imewaka saa 662. Gawanya, unapata 92. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea kugawanya.

Ila mita ya saa inajibu swali moja tu: je, mashine ilikuwa imewashwa? Haijui kama ilikuwa inatoa Nm³ 200 kwa saa au 80. Ni kama kupima kazi ya daladala kwa saa ambazo injini ilinguruma, bila kuhesabu abiria. Saa 58 ambazo mashine haikuwaka zilikuwa za umeme kukatika na matengenezo madogo, kwa hiyo kile kilichoitwa kiwango cha utumiaji kilikuwa kwa kweli ni kiwango cha upatikanaji: mashine ilikuwa tayari kwa asilimia 92 ya mwezi. Hiyo ni namba nzuri na mafundi walistahili sifa kwayo. Lakini haisemi lolote juu ya kununua mashine nyingine.

Kupima upya, hatua kwa hatua

Tulianza na umeme kwa sababu mita yake ilikuwapo na inaaminika. Mashine ilipokuwa mpya, seli zilikula kWh 4.6 kwa kila Nm³. Kwa uwezo kamili basi ni kW 920, na kwa saa 720 ni kWh 662,400. Mita ya upande wa rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa gridi kuwa mkondo wa upande mmoja unaofaa seli, ilionyesha kWh 390,000. Hiyo ni asilimia 59.

Namba imeshuka kutoka 92 hadi 59 kwa kubadili mita tu. Hata hivyo 59 nayo ina kasoro, na kasoro hii huwanasa watu wengi. Seli zikizeeka, volti inayohitajika kusukuma mkondo ule ule hupanda. Umeme unaoongezeka hauzai gesi, unageuka joto. Ukipima utumiaji kwa kWh, mashine mbovu itaonekana inatumika zaidi kuliko nzima, na jinsi inavyozidi kuchakaa ndivyo taarifa yako inavyozidi kupendeza.

Kinachozaa gesi ni mkondo. Kila Nm³ ya haidrojeni inadai karibu ampea-saa 2,390 kupita kwenye seli moja, na hili ni la kemia, haliulizi umri wa mashine. Tulichukua ampea zilizoandikwa na fundi wa zamu kila saa, tukazidisha kwa idadi ya seli, tukatoa sehemu ndogo ya mkondo unaopotea njiani. Jibu: Nm³ 75,000 kwa mwezi. Uwezo wa kibao kwa saa 720 ni Nm³ 144,000, kwa hiyo asilimia 52. Ukigawa kWh 390,000 kwa Nm³ 75,000 unapata kWh 5.2 kwa kila Nm³ badala ya 4.6 za zamani. Hapo tofauti ya 59 na 52 ikajieleza yenyewe.

Kulikuwa na mita ya zamani ya mtiririko wa gesi ambayo ilikuwa imetelekezwa kwa madai kwamba inadanganya, maana ilionyesha mita za ujazo 87,000 mwezi ule. Haikuwa inadanganya. Ilikuwa imefungwa kabla ya kikaushio, ikipima gesi yenye joto la nyuzi 30 na iliyoshiba mvuke wa maji. Gesi ikiwa nyuzi 30 inajaa nafasi kwa asilimia 11 zaidi ya ilivyo kwenye nyuzi 0, na mvuke kwenye joto hilo unachukua zaidi kidogo ya asilimia 4 ya ujazo. Ondoa vyote viwili, 87,000 inakuwa 75,000 na ushee. Mita mbili zisizojuana zimetoa jibu moja.

Kwa uhakika wa tatu tukatazama maji. Kila Nm³ ya haidrojeni inakula lita 0.804 za maji safi, hivyo Nm³ 75,000 zingehitaji lita 60,300. Mita ya maji ya kulisha mashine ilisoma lita 62,000, na tofauti ndogo ile ni mvuke unaoondoka na gesi. Napenda kusisitiza hapa: mita ya maji ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote vilivyotajwa, na ndiyo iliyomtuliza mkurugenzi wa fedha, kwa sababu maji kila mtu anayaelewa.

Ikabaki namba ya mwisho: katika Nm³ 75,000 zilizozalishwa, ngapi ziliingia kwenye mafuta? Hapa maabara ilikuwa na jibu bila kujua. Kushusha namba ya iodini kwa pointi moja katika tani moja ya mafuta kunakula Nm³ 0.883 za haidrojeni. Daftari la maabara lilikuwa na bechi 240 za mwezi ule, kila moja tani 10, na wastani wa kushuka kwa namba ya iodini ulikuwa pointi 25. Kila bechi basi ilikunywa karibu Nm³ 221, na zote pamoja Nm³ 53,000. Ukilinganisha na uwezo wa kibao, hiyo ni asilimia 37.

Mashine moja, mwezi mmoja: 92, 59, 52, 37. Zote ni za kweli.

Gesi ilikokwenda

Nm³ 22,000 hazikuwa kwenye mafuta. Kama 5,000 ziliondoka kwa njia zinazojulikana: kusafisha nafasi ya juu ya riakta kila bechi, kupuliza mabomba mashine inapowashwa, na uvujaji mdogo. Zile 17,000 zilizobaki zilitoka kwenye bomba la juu ya paa. Kila tangi lilipojaa, valvu ilifunguka na haidrojeni ikaenda angani, kimya, bila harufu wala rangi. Kwa ujumla gesi isiyotumika ilikula zaidi ya kWh 110,000 kwa mwezi.

Kwa nini mashine haikupunguzwa zaidi tangi lilipojaa? Kwa sababu haiwezi kushuka chini ya asilimia 40 ya uwezo wake, yaani Nm³ 80 kwa saa. Mkondo ukiwa mdogo, gesi inazalishwa polepole, lakini haidrojeni inayopenya kwenye upande wa oksijeni haipungui kwa kiwango kile kile. Uwiano wake ndani ya oksijeni unapanda. Haidrojeni ikifika kama asilimia 4 inaweza kushika moto, kwa hiyo mashine imewekwa ijizime ikifika 2. Fundi wa zamu aliyekataa kushuka chini ya 80 alikuwa anafanya kazi yake ipasavyo.

Sasa linganisha. Matumizi ya Nm³ 53,000 kwa saa 720 ni wastani wa Nm³ 74 kwa saa. Wastani wa mahitaji ya kiwanda ulikuwa chini ya kiwango kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kuzalisha kwa usalama. Mashine ilikuwa kubwa kuliko kazi yake.

Na bado riakta zilisubiri gesi kweli. Riakta zote mbili zilikuwa zinaanzishwa pamoja, kwa mazoea, mara zamu mpya inapoingia saa moja asubuhi. Bechi hula sehemu kubwa ya gesi yake katika saa ya kwanza. Bechi mbili zinataka Nm³ 442. Tangi linatoa 150 na mashine 200. Upungufu ni 92, na kuujaza ni karibu nusu saa ya kusubiri. Baada ya hapo riakta zinatulia, tangi linajaa, na gesi inapanda juu ya paa. Njaa na shibe, kila siku, kwenye bomba lile lile.

Maamuzi na sababu zake

Msimamizi wa uzalishaji hakufurahi, na hoja yake haikuwa nyepesi. Alisema wastani haupiki mafuta. Anachohitaji ni gesi saa ile anapoihitaji. Alisema kweli. Ndiyo maana hatukuzungumza naye kuhusu asilimia tena. Tulizungumza kuhusu ile saa moja ya asubuhi. Tukamwonyesha kwamba mashine ya pili ingemaliza kusubiri, lakini ingekuja na kiwango chake cha chini cha Nm³ 80. Zote mbili zikiwaka, kiwanda kingelazimika kuzalisha angalau 160 kwa saa wakati kinatumia 74.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupishanisha riakta: ya pili ianze saa tatu baada ya ya kwanza. Bechi moja inataka Nm³ 221, tangi na mashine vinatoa 350. Hesabu inatosha, na gharama ni kubadili ratiba. Uamuzi wa pili ulikuwa kuagiza tangi la ziada, ili mashine iwe na mahali pa kupumulia. Wa tatu ulikuwa kufunga mita ya mtiririko kwenye bomba la paa, kwa kuwa hasara isiyo na mita haina mwenyewe. Wa nne ulikuwa kuzima elektrolaiza usiku, tangi likijaa.

Jambo jingine liliwekwa mezani, la soko. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito wa kuondoa mafuta ya transi (aina ya mafuta yanayodhuru moyo) yanayotengenezwa viwandani ifikapo 2023, na nchi moja baada ya nyingine zimekuwa zikiweka kikomo cha gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Mafuta ya transi yanatokana hasa na ugandishaji wa nusu nusu kwa haidrojeni, ule ule uliokuwa unafanyika hapa. Njia mbadala, kama kutumia sehemu ngumu ya mawese, inapunguza haja ya haidrojeni. Elektrolaiza inanunuliwa kwa miaka mingi. Kuinunua kwa kutazama foleni ya asubuhi moja, ilhali bidhaa yenyewe inasogea kando, lingekuwa kosa kubwa hata kama mashine iliyopo ingekuwa imejaa kweli.

Matokeo

Ratiba mpya ilileta nafuu ndani ya wiki ya kwanza. Kusubiri gesi kulibaki tukio la nadra, likitokea umeme unaporudi baada ya kukatika. Ratiba ilipokwisha kuzoeleka, mwezi wa siku 30 ulionyesha hivi: saa za kuwaka 640, haidrojeni iliyozalishwa Nm³ 62,000, iliyoingia kwenye mafuta Nm³ 56,000. Bechi ziliongezeka hadi zaidi ya 250, na umeme wa seli ulipungua kwa karibu kWh 68,000.

Tazama namba vizuri. Kwa kipimo cha uzalishaji, utumiaji ulishuka kutoka asilimia 52 hadi 43. Kwa mita ya saa ulishuka kutoka 92 hadi 89. Kwa kipimo cha gesi iliyofanya kazi, ulipanda kutoka 37 hadi 39. Meneja anayelipwa marupurupu kwa kipimo cha kwanza au cha pili angekatwa mwezi ambao kiwanda kilifanya vizuri kuliko miezi yote.

Uamuzi wa kuzima usiku ulishindikana. Kuiwasha mashine upya kulichukua saa tatu hadi nne: kupuliza naitrojeni, kupasha alkali, kungoja gesi iwe safi. Kibaya zaidi, baada ya wiki kadhaa volti ya seli ilianza kupanda kwa mkondo ule ule. Elektrolaiza ya alkali ikizimwa ghafla, seli zinabaki na chaji na mkondo unarudi kinyume kupitia mabomba ya alkali yanayoziunganisha. Elektrodi za nikeli, yaani vipande vinavyopitisha umeme ndani ya seli, zinaumia kila mara hilo linapotokea. Usiku baada ya usiku, tulikuwa tunaokoa gesi na kula mashine. Zoezi lilisitishwa, ikabaki kuzima mara moja kwa wiki siku ya matengenezo. Tangi la ziada nalo lilichelewa sana kwa sababu ya ukaguzi wa vyombo vya presha, na kwa muda mrefu mafanikio yote yalitegemea ratiba peke yake.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kukataa kuitafuta namba moja. Kila kipimo cha utumiaji ni sehemu, yaani namba moja ikigawanywa kwa nyingine: kuna cha juu na kuna cha chini. Juu unaweza kuweka saa, kWh, gesi iliyozalishwa au gesi iliyotumika. Chini unaweza kuweka saa zote za kalenda, saa ambazo umeme ulikuwapo, au saa zilizopangwa. Mafundi walitaka saa za umeme kukatika ziondolewe chini, na kwa kupima kazi yao wako sahihi, kwani hawakuukata wao. Kwa uamuzi wa kununua mashine, saa hizo lazima zibaki, kwa kuwa mashine ya pili nayo ingezimika umeme ukikatika. Swali ndilo linalochagua sehemu. Taarifa ya zamani ilikuwa na jibu lisilo na swali.

Kilichofanya kazi pia ni kupima kitu kimoja kwa njia tatu zisizotegemeana. Ampea, mita ya gesi na maji vilipokubaliana, ubishi uliisha bila mtu kuaibishwa. Ingekuwa ni ampea peke yake, msimamizi angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini daftari la zamu liaminiwe kuliko mita ya saa.

Kilichokosekana tangu mwanzo ni mtu wa kuunganisha madaftari. Umeme ulikuwa idara ya umeme, namba ya iodini maabara, maji kwa watu wa boila. Kila idara ilikuwa na kipande cha ukweli na haikuwa na sababu ya kumwonyesha mwenzake.

Wasomaji wengine watakuwa wanafikiria elektrolaiza za nishati ya jua, si za viwanda vya mafuta. Mambo ni yale yale kwa ukubwa mwingine. Kiwanda cha Kuqa huko Xinjiang, China, kilichozinduliwa 2023, kina elektrolaiza 52 za Nm³ 1,000 kwa saa, jumla megawati 260, na lengo lake ni tani 20,000 za haidrojeni kwa mwaka. Mashine hizo zikifanya kazi kamili saa zote 8,760 zingetoa karibu tani 41,000. Mpango wenyewe basi ulikubali tangu mwanzo kutumia mashine kwa nusu. Mtu akisema kiwanda kama hicho kiko asilimia 50, hujui kama anakisifu au anakilaumu mpaka akuambie chini ya mstari ameweka nini. Kenya, iliyozindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023 ikilenga mbolea kwanza, ina jotoardhi ya Olkaria inayozalisha umeme usiku na mchana, wakati paneli za jua peke yake huzunguka asilimia 20 ya uwezo wake kwa mwaka. Elektrolaiza ile ile ikiunganishwa na chanzo kimoja au kingine itakuwa na bei tofauti kabisa kwa kilo, kwa sababu gharama ya kuinunua inagawanywa kwa kilo inazotoa.

Yaliyobaki wazi

Seli bado zinakula kWh 5.2. Kuzifungua na kubadili elektrodi na viwambo (utando unaotenganisha haidrojeni na oksijeni) kungerudisha matumizi ya umeme karibu na 4.6, na huenda kungeruhusu mashine kushuka chini ya Nm³ 80 kwa usalama, jambo ambalo kwa kiwanda hiki lina thamani kuliko kuongeza uwezo wa juu. Fedha zilizotengwa kwa mashine ya pili zimeelekezwa huko na kwenye tangi.

Taarifa ya mwezi sasa ina mistari minne: saa za kuwaka, kWh kwa Nm³, gesi iliyozalishwa, na gesi iliyoingia kwenye mafuta, kila mmoja ukiwa na kigawanyo chake kimeandikwa pembeni. Ombi la mashine ya pili halikufutwa. Limewekewa sharti: litafunguliwa tena gesi inayotumika ikivuka Nm³ 100,000 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, riakta zikiwa zinapishana na tangi jipya likiwa linafanya kazi. Aliyependekeza sharti hilo ni msimamizi wa uzalishaji mwenyewe.